Kamba ya Teodora

Shamba la chini la Chenge lilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo hakuuweka mtu. Mawe mawili, kila moja kubwa kuliko nyumba, yalisimama yakitazamana yakaacha mwanya katikati. Kushoto mawe yaliendelea mpaka kwa jirani. Kulia palikuwa na kijito chenye kingo zilizokatika ghafla, ambako hata mbuzi hushuka baada ya kufikiri. Ukitaka kuingia shamba la chini, unapita kwenye mwanya. Ng'ombe walipita hapo, jembe lilipita hapo, na kwa miaka kumi na tisa mpunga na pamba vilitoka hapo vikiwa kichwani kwa Teodora, mke wa Chenge.

Shamba la juu lilikuwa la mchanga, na mtu mvivu angeweza kulilima akiwa anapiga soga. La chini lilikuwa udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka unarudisha jembe, ukilowa unalishika jembe hauliachii. Maksai walijaribiwa humo, plau ikavunjika mara mbili, wakarudishwa zizini wakiwa wamekonda. Wanaume wakakubaliana kwamba udongo ule hautaki plau. Hakuna aliyekaa kujiuliza kama ulikuwa unautaka mgongo wa Teodora.

Mgongo huo sasa ulikuwa umegoma. Binti yake wa pekee, Odeta, aliolewa Ukerewe mwaka uliopita, na mikono minne ikabaki miwili. Mganga wa zahanati alimbonyeza kiunoni, akamwambia asiiname tena kwa muda mrefu. Teodora alimshukuru, akarudi nyumbani, akaenda kuinama. Ndiyo maana mwaka ule wa 1961, wakati kila mwenye redio alikuwa akiwatangazia wenzake kwamba Uhuru ni Desemba, yeye alikuwa na hamu na jambo moja tu: mvua za mwaka huu zimkute hana jembe mkononi katika shamba la chini.

Jambo lenyewe lilionekana kukaribia. Ukoo wa Chenge ulikuwa umeamua kununua trekta. Nyumba tatu zilitoa ng'ombe: nyumba ya mzee Ngosha, baba mkubwa wa Chenge, nyumba ya Luhaga, mtoto wa mzee huyo, na nyumba ya Chenge. Katika ng'ombe wa Chenge walikuwamo wawili wa Teodora mwenyewe, uzao wa mtamba aliyemnunua kwa mpunga wake. Chenge alipokuja kuwaomba, Teodora hakumzungusha.

"Wachukue," alisema. "Lakini iwe ile ndogo."

Ile ndogo alikuwa ameiona Nyegezi, kwenye bustani ya mapadre. Trekta ya kijivu, fupi, inayopita kati ya michungwa bila kuvunja tawi, na ikifika mwisho inageuka hapo hapo. Alisimama kuitazama mpaka padri mmoja akamuuliza kama amepotea.

Kisha akaupima mwanya. Jioni moja ya Septemba alichukua kamba ya katani, akaibana ncha moja kwenye jiwe la kushoto, akaivuta mpaka ikagusa jiwe la kulia, pale panapobana kuliko pengine pote, akapiga fundo. Alirudia mara tatu, maana aliwajua watu wa nyumba ile. Mikono minne na shibiri.

"Shika hii," alimwambia mumewe. "Mkifika dukani, pima mashine. Magurudumu ya nyuma, nje kwa nje. Ikizidi fundo, hata wakikupa bure usiichukue."

Chenge aliikunja kamba akaitia mfukoni mwa koti. "Mama Odeta, unaniambia kama unanituma chumvi."

"Ukikosea chumvi tutakula bila chumvi."

Chenge akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo ndilo lililomfanya Teodora ampende zamani. Siku hizi kuna saa lilimchosha.

Ng'ombe waliuzwa mnadani, na wiki iliyofuata wakaenda mjini Mwanza wanne: mzee Ngosha, Luhaga, Chenge na Teodora. Yeye hakualikwa. Alivaa gauni lake la kanisani, akapanda lori pamoja nao, na kwa kuwa lori lilikuwa limejaa watu, hakuna aliyetaka kuanzisha ubishi.

Duka la mashine lilikuwa karibu na stesheni ya reli, na uwanja wake ulizungushiwa waya. Walipofika getini, mzee Ngosha aligeuka. Alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, na maneno hayo machache hayakuwa na mjadala.

"Wewe mama, subiri hapa."

"Baba, nami nimekuja kuchagua. Wawili walikuwa wangu."

"Tunachagua fahali," alisema mzee. "Kwetu fahali hachaguliwi mbele ya wanawake. Unalijua hilo."

Teodora alilijua. Katika nyumba ile, fahali wa zizi alipochaguliwa, wanawake walikaa ndani na mlango ulifungwa, kwa sababu fahali aliyetazamwa na mwanamke kabla hajakubaliwa, walisema, hukosa nguvu. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa ndani bila neno. Mambo ya fahali hayakuwa yake. Alitaka kusema kwamba fahali wa leo hana pumbu na anakunywa dizeli. Lakini mkwe hasemi hayo mbele ya baba mkwe, basi akayameza, akaenda kusimama kando ya mama muuza maandazi, nje ya waya, mahali ambapo kila kitu kilionekana na kusikika. Luhaga akamwona, akageuza uso.

Muuzaji alikuwa kijana wa mjini aliyeitwa Seif, msafi, kofia nyeupe kichwani, mwenye adabu.

"Shikamooni wazee wangu. Karibuni sana. Kabla sijawaonyesha kitu, nielezeni shamba lenu likoje. Lina mawe? Njia ya kuingilia ni pana?"

Teodora aliposikia swali hilo alitaka kumnunulia yule kijana maandazi yote ya sinia.

"Shamba letu ni kubwa," alijibu mzee Ngosha.

Lilikuwa ekari nane, pamoja na mawe.

Uwanjani palikuwa na mbili. Ile ndogo ya kijivu, mpya, kama ile ya mapadre. Na nyingine ya buluu iliyokuwa imetumika katika shamba la mkonge, magurudumu yake ya nyuma yakimfika Luhaga kidevuni, nayo ilikuwa imetanua miguu kama mtu anayengoja ugomvi. Mzee Ngosha aliizunguka ile ndogo mara tatu, kama anavyomzunguka mnyama. Akaipiga kofi mgongoni. Bati likalia.

"Huyu ni ndama," alisema.

"Mzee, usidanganywe na umbo," alisema Seif. "Hii inanyanyua plau yenyewe. Mafuta inakula kidogo, na inageuka papo hapo ilipo."

"Ndama naye anageuka papo hapo."

Luhaga akacheka. Chenge naye akacheka. Teodora aliona mkono wa mumewe ukiingia mfukoni mwa koti, na moyo wake ukatulia kidogo. Sasa atatoa kamba, aliwaza. Mkono ukakaa humo.

Mzee Ngosha akahamia kwa ile ya buluu. Akaigonga gurudumu kwa fimbo, haikulia. Akaitazama kifua. Akarudi nyuma kuiangalia kutoka mbali, kichwa ameinamisha upande. Seif akaiwasha kwa kuwa aliombwa; moshi mweusi ukapanda, ardhi ikatetemeka mpaka maandazi yakacheza kwenye sinia, na wapita njia wakasimama kutazama. Mzee Ngosha akatabasamu. Watu wa nyumba ile walikuwa hawajaona meno yake tangu harusi ya Luhaga.

"Huyu ndiye," alisema.

Mkono wa Chenge ulikuwa bado mfukoni. Teodora alishika waya kwa vidole vyote.

"Baba Odeta!" aliita. "Pima!"

Wanaume wote waligeuka. Mzee Ngosha alimtazama mwanamke aliyekuwa akimtazama fahali, kisha akamtazama Chenge, akingoja.

"Anataka umpimie suti," alisema Luhaga.

Vicheko vikapasuka, hata wapita njia wasiojua kinachochekwa walicheka. Na Chenge alicheka. Mkono ukatoka mfukoni mtupu, akajifuta nao jasho. Teodora aliachia waya. Roho ilimuuma kwa namna ambayo hakuitarajia. Vicheko vya wengine alivizoea, lakini cha mumewe kilimchoma.

Wazee waliingia ofisini kutia dole gumba kwenye karatasi. Chenge alisema atabaki kidogo uwanjani aangalie matairi, akazama nyuma ya ile ya buluu. Seif alipotoka kununua maandazi ya wageni, alisimama mbele ya Teodora.

"Mama, ulitaka kupima nini?"

Akamweleza mwanya, mawe, kamba, fundo. Seif alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mngechukua ndogo, mama yangu. Ingepita na nafasi ingebaki."

"Basi nenda ukamwambie."

"Mzee mwenye nyumba yake ameshasema huyu ndiye. Mimi muuza duka nitasemaje?"

Alisema kweli, na ukweli wenyewe ndio uliomkasirisha Teodora zaidi. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza, na kila sababu ilikuwa inaishia kwenye mgongo wake. Aliyafunga maandazi ya yule kijana kwenye gazeti kwa niaba ya mama muuzaji, maana mikono yake ilihitaji kazi.

Njiani, juu ya lori, alimwuliza mumewe kwa sauti ndogo.

"Ulipima?"

"Itapita."

"Sikukuuliza kama itapita. Ulipima?"

Chenge alitazama barabara. "Kamba imeanguka, sijui wapi. Itapita, mama Odeta. Na isipopita, tutapanua."

"Tutapanua mawe?"

Upepo ulikuwa mwingi, Chenge akajifanya hakusikia.

Trekta ilikuja baada ya siku tano, Chenge mwenyewe akiiendesha, maana aliwahi kuwa utingo wa malori ya pamba, na Seif alimfundisha yaliyobaki. Wanawake walipiga vigelegele, na Teodora akapiga pia. Hakutaka kuitwa mchawi. Shamba la juu lilimalizika kabla ya chakula cha mchana. Mzee Ngosha alikuwa ameletewa kigoda, akakaa akiangalia udongo wa mchanga unavyogeuzwa, udongo ambao Teodora alikuwa akiumaliza kwa wiki moja bila kulalamika.

Kisha Chenge akaigeuza pua ya trekta kuelekea chini.

Pua ilipita. Magurudumu ya mbele yalipita. Ya nyuma yakagusa mawe pande zote mbili kwa wakati mmoja, mlio wa chuma ukawatia watu ganzi ya meno. Chenge akarudi nyuma, akajaribu kwa kulalia upande. Luhaga akashauri wafungue mabati ya kukinga matope, wakayafungua. Ikagusa tena. Wakalimwagia jiwe mafuta machafu, sijui walidhani mawe huteleza. Ikagusa tena.

Mzee Ngosha alisimama, akauchunguza mwanya kwa muda mrefu.

"Mawe haya yamesogea," alisema.

Teodora alikuwa pembeni, mikono nyuma, kimya kama maji ya mtungi. Hakuwa amekosa la kusema. Yalikuwa mengi mno, yamegombania kutoka, yakabanana.

Wiki ile wakajaribu moto. Kuna namna ya kupasua jiwe kwa kulirundikia kuni, kuziwasha kutwa nzima, halafu kulimwagia maji baridi ghafla. Kuni zilikuwa za Teodora, alizozikusanya kwa miezi miwili ili mvua zikija awe na za kupikia. Maji yalikuwa ya Teodora pia, kutoka kijitoni, ndoo arobaini na kitu. Siku ya tatu jiwe la kulia lilitoa mlio mkali, kila mtu akaruka, na kipande kikaanguka. Kilikuwa na ukubwa wa kigoda cha mzee Ngosha.

"Umeona?" alisema Chenge, macho mekundu kwa moshi. "Linakubali."

Teodora akakibeba kile kipande, akakiweka mlangoni mwa jiko. Akawa anakikalia anapopepeta mchele.

Mvua ziliingia, na mwaka ule ziliingia kwa hasira. Majirani wakaanza kuja mmoja mmoja. Bwana Chenge, trekta imesimama bure na sisi tuna mashamba. Tulimie, tutakupa chochote. Shamba la Luhaga likalimwa. Yakafuata ya wakubwa wa barabarani, yasiyo na mawe. Mzee Ngosha alikuwa akipewa heshima kwa kila ekari, akaona fahali wake hakukosea. Chenge akanunua kofia. Wakaanza kumwita Bwana Trekta, naye akaanza kuitika kwa jina hilo.

"Wiki hii nikitoka kwa Shimba tu," alimwambia Teodora, "nitakuja tuangalie shamba la chini."

Alipotoka kwa Shimba kulikuwa na mtu mwingine, na baada ya huyo mwingine. Jioni alirudi mikono ikitetemeka kwa usukani, akajitupa kitini akanyoosha miguu.

"Kazi ya mashine si mchezo," alisema. "Inakula mwili. Watu wanadhani ni kukaa tu."

Teodora alikuwa anatoa matope meusi kwenye kucha kwa kijiti. Alimtazama kwa muda, halafu akaendelea na kucha, kwa sababu kijiti kilikuwa kidogo na asingeweza kumpiga nacho mtu.

Jioni moja alijishusha, akamwomba. "Basi tuite kikundi cha majembe. Watu ishirini, siku mbili. Nitapika, tuchinje mbuzi. Kila nyumba inafanya hivyo."

Chenge alishtuka kama aliyeambiwa avue nguo sokoni.

"Mimi? Mwenye trekta niite watu wa majembe? Watasemaje barabarani?"

Kwa hiyo mashamba ya watu wote yalilimwa na trekta, na shamba la mwenye trekta likalimwa kwa jembe. Teodora aliingia mwanyani asubuhi kila siku. Pale palipobana aliona rangi ya buluu iliyobaki kwenye mawe, akaipita bila kuigusa. Aliinua tuta moja, akajinyoosha, akashika kiuno, akaanza lingine. Kutoka ng'ambo ya mawe alisikia fahali akinguruma kwenye mashamba ya wengine, mara karibu, mara mbali. Hasira ilikuwa inampanda mpaka anasahau maumivu. Kisha ilishuka na maumivu yalikuwa palepale.

Paskazia, jirani yake, alikuwa akipita na ndoo, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Ng'wangaluka, mama Trekta! Leo nawe umeamua kunyoosha viungo?"

"Ng'wangaluka. Trekta imechoka, nimeipumzisha."

Wakacheka wote wawili. Paskazia alipokwisha kupita, Teodora alikaa juu ya tuta akalia kidogo, kwa hasira tu, kisha akapenga kamasi akaendelea. Nusu ya shamba ilikuwa bado, na mbegu haingoji.

Jumamosi ya Uhuru mvua ilisimama asubuhi, kama imeombwa. Sherehe ilikuwa kwenye njia panda ya Usagara, ngoma zote zilialikwa, na Chenge ndiye angewapeleka watu wa kwao kwa tela. Tangu alfajiri uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa watu. Trekta ilifungwa majani mabichi na vitambaa vya kijani na vyeusi, watoto walikuwa wamepanda kila mahali panapopandika, na mzee Ngosha alikuwa ameketi mbele ya tela, juu ya kiti, fimbo kati ya magoti.

"Nisafishie koti, mama Odeta!" Chenge aliita kutoka nje, akipangusa taa.

Hakuwa amelivaa koti lile tangu safari ya Mwanza. Siku hizi alivaa kofia na shati la kazi. Teodora alilitundika mlangoni akalipiga vumbi kwa brashi. Mfuko wa ndani ulikuwa umevimba. Akatia mkono.

Ilikuwa kamba yake.

Kitu cha kwanza alichohisi ni furaha ndogo ya kijinga, kama mtu aliyepata sindano iliyopotea. Haikuanguka, basi, iliteleza tu ikaingia mfuko wa ndani. Akaikunjua. Ncha moja ilikuwa nyeusi kwa grisi. Akafuata kamba kwa vidole mpaka kwenye fundo lake, akapita, na shibiri mbili mbele akakuta fundo lingine, nalo lina grisi.

Hakulipiga yeye. Lilikuwa fundo la kufungia ndama, lile linalozungushwa mara mbili na kupitishwa chini, ambalo wanaume wa nyumba ile hufundishwa wakiwa machungani. Hakuna mwanamke anayelipiga. Teodora alisimama na koti la mumewe mkononi, akamwona tena Chenge uwanjani Mwanza, akibaki nyuma ya wenzake kuangalia matairi.

Alitoka nje na kamba. Chenge alimwona, akaiona, na tambara likatulia juu ya taa.

"Ulipima," alisema Teodora.

"Mama Odeta, watu wanatungoja."

"Ulipima siku ileile. Gurudumu kwa gurudumu. Ukaona imezidi shibiri mbili, ukapiga fundo, ukaficha. Ukaja kuniambia imeanguka."

"Punguza sauti."

"Ulichoma kuni zangu kupanua jiwe kwa shibiri mbili, na ulijua hazipanuki. Ulijua nani atalilima lile shamba. Baba Odeta, ulijua."

Kwenye tela watu waligeuza vichwa, hata watoto. Chenge alitazama chini. Alipojaribu kucheka, kicheko hakikuja.

"Baba mkubwa alikuwa ameshasema," alinong'ona. "Ningetoa vipi kamba ya mke mbele yake, nimwambie amekosea? Wangenicheka mpaka kufa kwangu."

"Wakanicheka mimi."

"Kuna nini huko?" aliuliza mzee Ngosha.

Teodora alikwenda kwenye tela. Alipiga goti kidogo kama inavyompasa mkwe. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akampa kamba kwa mikono miwili. "Hili la kwanza ni fundo la mawe, nililipiga mimi. Hili la pili ni la fahali wako. Tazama ni fundo la nani."

Mzee aliipapasa kamba kwa kidole gumba. Alipofika kwenye fundo la pili, kidole kilisimama. Hakuhitaji kuuliza; yeye ndiye aliyemfundisha Chenge fundo lile, miaka thelathini iliyopita. Alimtazama Chenge, kisha matairi ya nyuma, kisha mawe kule chini. Watu walingoja, maana mzee akitazama hivyo hufuata hukumu.

"Mambo ya nyumba yenu semezaneni wenyewe," alisema mwishowe. "Mimi sitaki kuchelewa."

Akashuka kwenye tela kwa kushikiliwa, akaanza kwenda Usagara kwa miguu, kamba ikiwa imesahauliwa mkononi mwake. Luhaga akamfuata. Watu wakateremka mmoja mmoja bila kutazamana usoni, na baada ya muda uwanjani palibaki trekta yenye majani, na watu wawili.

Teodora aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na jembe. Alilisimamisha mbele ya mumewe, mpini ukimgusa kifuani, akaliachia, na Chenge akalidaka ili lisimwangukie.

"Nusu iliyobaki ni yako," alisema.

"Leo? Mama Odeta, leo ni Uhuru!"

"Ndiyo."

Alifikiri mumewe atabishana. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, alikuwa hata na maneno ya ziada. Lakini Chenge alivua kofia, akaiweka juu ya kiti cha trekta, akashuka kuelekea mwanyani. Alipopita kati ya mawe alijaribu kupanua mikono. Alizigusa rangi za buluu, kwanza upande mmoja kisha wa pili, akaishusha upesi.

Teodora alileta kipande chake cha jiwe, akakikalia mwanzoni mwa shamba, mgongo umenyooka. Udongo ulikuwa umelowa sawasawa. Ulishika jembe, ukashika miguu, ukamvua Chenge kiatu kimoja. Tuta lake la kwanza lilipinda vibaya kuelekea kijitoni. Vidole vya Teodora vilimwasha kwenda kulinyoosha, akavikalia. Ngoma za Usagara zilianza, zikaja na upepo, zikapotea, zikarudi.

Saa sita Chenge alikuwa na matuta manne. Alijinyoosha taratibu, akashika kiuno kwa mikono miwili, mahali palepale ambapo Teodora hushika, akayatazama yaliyobaki mpaka mwisho wa shamba.

"Kesho ni Jumapili," alisema, kwa matumaini.

"Jumatatu siyo Jumapili," alisema Teodora.

Chenge aliteremsha mikono kutoka kiunoni. Akatafuta kiatu chake kwenye matope, akakikosa, akaliinamia tuta la tano.